Juliet hakufa kwa ukaidi

Katika miaka yote niliyofundisha fasihi kwenye sekondari za wasichana, kuna sentensi moja niliyokutana nayo kila niliposahihisha insha za Romeo and Juliet. Mwanafunzi ataeleza vizuri uhasama wa koo mbili za mji wa Verona, Montague na Capulet. Atataja dhifa ya usiku ambako vijana wawili walionana, ndoa ya siri, sumu, jambia na kaburi. Akifika kwenye swali la mafunzo, ataandika: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ataweka nukta na kuhamia swali linalofuata.

Simlaumu mwanafunzi. Ndivyo alivyofundishwa, na methali hiyo ameisikia tangu hajajua kusoma. Naandika kwa sababu naamini jibu hilo linamdhulumu Juliet, linamdhulumu aliyemtunga, na linamdhulumu zaidi msichana aliyekaa dawatini akilinakili. Juliet hajafikisha miaka 14. Zimebaki wiki mbili na siku kidogo. Anazungukwa na watu wazima wanne: baba, mama, yaya na padri. Tukiifuata tamthilia ukurasa kwa ukurasa tutaona kwamba aliwaendea wote wanne, na kwamba wote wanne walimwacha.

Tuanze na baba. Jumapili, Paris anapokuja kuposa, mzee Capulet anasema maneno ya busara kabisa: binti bado mdogo, vipite viangazi viwili kwanza, na kijana autafute moyo wa binti mwenyewe, maana ridhaa ya baba peke yake haitoshi. Wasichana wangu humpenda sana mzee huyu wanapomsoma hapo. Jumatatu usiku, nyumba ikiwa katika msiba wa Tybalt, binamu wa Juliet aliyeuawa na Romeo, mzee huyohuyo anamwozesha binti yake kwa Paris bila kumuuliza, na ndoa anaipanga Alhamisi. Jumanne asubuhi Juliet anapiga magoti, anaomba asikilizwe walau neno moja. Baba anamtishia kumburuta hadi kanisani. Anamwambia mkono unamwasha, na kwamba akikataa atatolewa nyumbani afie barabarani kwa njaa. Jioni, Juliet anapojifanya amekubali, baba anafurahi mno hata anairudisha ndoa nyuma hadi Jumatano, na kwa kufanya hivyo anabomoa mpango wote wa padri bila kujua.

Baba anapotoka, Juliet anamgeukia mama. Haombi makubwa. Anaomba ndoa iahirishwe mwezi mmoja, au hata wiki moja. Mama anamjibu kwamba hana la kusema naye tena, naye anaondoka. Huyu ndiye mama ambaye siku mbili kabla alimweleza binti yake kwamba yeye katika umri huo alikuwa tayari amezaa. Darasani huwa nasimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu wasichana wengi wana mama au bibi mwenye historia kama hiyo, na wanaelewa jinsi mtu aliyeozwa akiwa mtoto anavyoweza kukua akiona kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Anabaki yaya. Yaya alimnyonyesha Juliet, alipeleka salamu kwa Romeo, alileta ngazi ya kamba, anajua kwamba binti ameshaolewa. Juliet anamwomba neno la faraja. Yaya anamshauri aolewe na Paris, kwa kuwa Romeo amefukuzwa mjini na ni sawa na aliyekufa. Yaani mtoto avunje kiapo na kuolewa mara mbili, ili nyumba itulie. Juliet anamshukuru kwa adabu, na kuanzia hapo hamwambii tena siri yoyote. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika tamthilia, nzito kuliko hata kaburini.

Padri Laurence namwona mtu mwema aliyefanya jambo baya. Aliwafungisha ndoa ya siri akitumaini kwamba ndoa hiyo itapatanisha koo mbili. Ugomvi wa wazee ukapewa watoto wauponye. Mambo yanapoharibika anatoa dawa ya usingizi itakayomfanya Juliet aonekane maiti kwa saa 42. Usiku ule Juliet yuko chumbani peke yake na kichupa mkononi, anajiuliza: na kama hii ni sumu? Na kama padri ameamua kuniua ili aibu ya kunifungisha ndoa ya pili isimpate? Mtoto wa miaka 13 anamshuku mtu mzima wa mwisho aliyemkimbilia, hana wa kumuuliza, na anakunywa. Hakuna anayetii katika kitabu kizima kama Juliet anavyotii hapo. Kisha kaburini, anapozinduka na kumkuta mumewe amekufa, padri anasikia sauti za walinzi wa usiku, anamwambia binti waondoke haraka, na anapoona binti hatoki, anakimbia.

Mwenye kumwita mkaidi anionyeshe mkuu ambaye hakumwendea.

Sasa niseme funzo lile la ukaidi lilikotoka, maana lina mwenyewe, naye si Shakespeare. Kisa hiki kilikuwa kikisimuliwa Italia kabla Shakespeare hajazaliwa. Luigi da Porto alikiandika karibu na mwaka 1530, Matteo Bandello akakichapisha mwaka 1554, Mfaransa Pierre Boaistuau akakigeuza kwa lugha yake, na mwaka 1562 Mwingereza Arthur Brooke akakitungia shairi refu, ambalo Shakespeare alilitumia kama chanzo chake kikuu. Katika dibaji yake Brooke anamweleza msomaji wazi kwamba kisa kimetolewa ili watu waone mwisho wa vijana wanaofuata tamaa, wanaodharau ushauri wa wazazi na ndugu, na kupeleka siri zao kwa wanawake walevi na mapadri. Tukitaka kumtendea haki, shairi lenyewe lina huruma kuliko dibaji. Mwaka uliofuata Brooke alizama baharini akielekea Ufaransa, na sijui kama aliwahi kuiwazia upya dibaji yake.

Shakespeare alilichukua shairi hilo mkononi, akabaki na kisa, akaitupa dibaji. Utangulizi wake wa mistari 14 unazungumzia chuki ya wazazi na jinsi ilivyohitaji vifo vya watoto ili ikome. Haukutaja ukaidi. Kwa Brooke, Juliet anakaribia miaka 16; Shakespeare alimpunguzia umri. Kwa Brooke, dhifa iko wakati wa Krismasi na ugomvi wa mitaani unakuja baada ya Pasaka, kwa hiyo vijana wana miezi ya kujuana. Shakespeare alibana yote kati ya Jumapili na alfajiri ya Alhamisi, katikati ya joto la Julai ambalo huwachemsha vijana wenye mapanga. Mtu hafanyi mabadiliko hayo kwa bahati. Umri mdogo na muda mfupi vinauondoa mzigo kwenye mabega ya watoto na kuuweka kwa waliokuwa na miaka ya kufikiri na hawakufikiri. Na tusidhani kwamba miaka 13 ilikuwa kawaida kwa watazamaji wake. Sheria ya kanisa la Uingereza iliruhusu msichana wa miaka 12 kuolewa, lakini wanawake wa kawaida wakati huo waliolewa wakiwa na miaka 25 hivi. Waliosimama uwanjani London wakimtazama Juliet walikuwa wanatazama mtoto.

Kwa sababu hiyo nadhani maisha ya mtunzi yanapaswa kufundishwa pamoja na tamthilia hii, ila kwa uangalifu. Wanafunzi wengi hufika darasani wakiwa wameona filamu ya mwaka 1998, Shakespeare in Love, na wanaamini kwamba alimpenda binti wa kitajiri, akamkosa, akaandika. Binti huyo amebuniwa na waandishi wa filamu. Shakespeare hakuacha shajara, na hata barua moja aliyoiandika yeye haijabaki. Tulichonacho ni rejista za kanisa, mikataba, karatasi za kodi na wosia. Walimu wengi hulipita somo hili mbio: alibatizwa Stratford-upon-Avon tarehe 26 Aprili 1564, alioa, akaenda London, akafa 1616. Mtoto anakariri, mwezi ukipita amesahau.

Nawasihi walimu wenzangu wasimame mwaka 1582. Novemba mwaka huo William ana miaka 18, yaani hajafikia umri wa kuoa bila idhini ya wazazi, ambao ulikuwa 21. Anne Hathaway ana miaka 26, baba yake alifariki mwaka uliotangulia, na yeye ni mjamzito. Majilio yamekaribia, kipindi ambacho kanisa halikufungisha ndoa bila kibali maalumu. Hapakuwa na muda wa kutangaza ndoa kanisani Jumapili tatu. Wakulima wawili wa kijijini kwa kina Anne, Fulk Sandells na John Richardson, wakaenda kwa askofu mjini Worcester na kujifunga kwa dhamana ya pauni 40 ili ndoa itangazwe mara moja tu. Mwalimu wa shule ya Stratford alilipwa pauni 20 kwa mwaka. Mei iliyofuata binti yao Susanna akabatizwa.

Najua dhamana ile ilikuwa ya kumkinga askofu iwapo pingamizi lingezuka. Hata hivyo naona kuna jambo la kutafakari hapo. Mtu aliyeandika habari za ndoa ya haraka zaidi katika fasihi ya Kiingereza alikuwa yeye mwenyewe ameoa kwa haraka, na ndoa yake ilisimama kwa sababu watu wazima walitoa majina yao na kuhatarisha mali yao mbele ya sheria, mchana kweupe. Verona hakuna aliyefanya hivyo. Padri angeweza kwenda kwa Mtawala wa mji asubuhi ileile ya ndoa. Yaya angeweza kufungua kinywa. Kila nikiisoma tamthilia baada ya kuisoma karatasi ile ya Worcester, natafuta mtu mmoja wa kusimama na vijana wale hadharani, simpati.

Kuna jingine. Yaya alikuwa na binti yake aliyeitwa Susan, aliyelingana umri na Juliet, akafa. Shakespeare alipoandika tamthilia hii, karibu na mwaka 1595, alikuwa London, na binti yake Susanna alikuwa Stratford akiingia kwenye umri uleule. Sisemi hilo linathibitisha chochote. Majina yalikuwa machache na Susan wengi. Nasema tu kwamba hakuhitaji kuuliza mtu msichana wa umri huo anafananaje. Kwa upande mwingine, wapo wanaosema machozi ya tamthilia hii ni machozi ya Hamnet, mwanawe wa kiume aliyezikwa Agosti 1596 akiwa na miaka 11. Hapo nakataa, maana wataalamu wengi wanaiweka tamthilia kabla ya msiba huo, na tarehe zina kazi ya kutuzuia tusijipendelee hadithi tamu. Wanafunzi huumia kidogo ninapowaambia hivyo, kisha huanza kuzidai tarehe wao wenyewe, na hilo hunifurahisha.

Tauni ndiyo inayoyaunganisha maisha na tamthilia bila kubahatisha. Shakespeare alikuwa na miezi isiyozidi mitatu wakati rejista ya maziko ya Stratford, Julai 1564, ilipoandikwa kwa Kilatini kwamba hapa tauni imeanza. Watu zaidi ya 200 walikufa katika mji mdogo ule. Kati ya 1592 na 1594 majumba ya maonyesho ya London yalifungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa huohuo, na Shakespeare akageukia mashairi ili kujikimu. Baada ya kufunguliwa ndipo ikaja tamthilia hii, na ndani yake tauni inaua bila kumgusa mgonjwa hata mmoja tunayemwona. Barua ya kumweleza Romeo kwamba Juliet amelala tu, hakufa, ilipewa Padri John aipeleke Mantua, alikokimbilia Romeo. Padri huyo alimfuata mtawa mwenzake aliyekuwa akihudumia wagonjwa. Wakaguzi wa mji wakashuku kwamba wawili hao wametoka kwenye nyumba yenye maradhi, wakafunga milango na kuwazuia kutoka. Barua haikufika. Hata mtu wa kuirudisha kwa Padri Laurence hakupatikana, kila mmoja aliogopa kuambukizwa.

Zamani nilikuwa nikilieleza tukio hilo mara mbilimbili na bado darasa likaliona kama kisingizio cha mtunzi aliyetaka kumalizia kisa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena baadaye, sikuhitaji kueleza. Walijua karantini ni nini. Walijua mlango unavyoweza kufungwa kwa nia njema kabisa na mtu akafa upande wa pili. Msichana mmoja aliandika kwamba Padri John ndiye mtu mzima pekee asiye na hatia katika kisa chote, kwa kuwa alizuiwa akiwa kazini, na nikaona ameniongoza mimi.

Nchini kwetu tumemzoea Shakespeare wa siasa. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ikatoka mwaka 1969. Samuel Mushi naye akatupa Makbeth. Tulisoma habari za madaraka, riba na usaliti, na tukajua zinatuhusu. Tamthilia ya Verona tumeiacha ikae kwenye kadi za Februari na picha za kibaraza. (Kibaraza chenyewe wanachopigia picha watalii kule Verona kiliwekwa karne ya 20, na maandishi ya Shakespeare yanataja dirisha.) Nashikilia kwamba hii nayo ni tamthilia ya madaraka, madaraka ya nyumbani, ambayo msichana huyaonja kabla hajapiga kura.

Nani atasema haituhusu? Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi ule. Nilipofundisha tamthilia hii baada ya hukumu hiyo niliipeleka habari yake darasani, nikawaomba wanafunzi wasome upya maneno ya mama Capulet. Hawakuhitaji swali la kuwaongoza. Nimefundisha wasichana waliokwenda likizo wakarudi wakiwa wameposwa, na wengine hawakurudi. Kumwambia msichana wa namna hiyo kwamba funzo la Juliet ni kuwasikiliza wakubwa ni kumkabidhi mikononi mwa mzee Capulet wa siku ya Jumanne.

Wapo watakaoniambia kwamba nawafundisha watoto wa watu utovu wa adabu. Hofu hiyo naielewa, mimi mwenyewe ni mama. Lakini sijamfanya Romeo kuwa mfano. Ni kijana wa pupa, anayemsahau Rosaline, msichana aliyempenda kwanza, kwa usiku mmoja, anayemuua Tybalt kwa hasira na kununua sumu kwa ducat 40 bila kwanza kumtafuta padri aliyemfungisha ndoa. Hayo nayafundisha bila kuyafunika. Ninachokataa ni kuugawa uzito wa kisa kana kwamba mtoto na mzee wana nguvu sawa. Adabu inayodaiwa kwa mtoto peke yake imekatwa nusu. Nusu ya pili ni wajibu wa mkubwa kusikiliza anapopigiwa magoti.

Tamthilia inaishia mbele ya Mtawala wa Verona, ambaye anatangaza kwamba wapo watakaosamehewa na wapo watakaoadhibiwa, lakini hawataji. Brooke aliwataja: yaya alifukuzwa mjini, muuza dawa aliyetoa sumu akanyongwa, padri akaachiwa akaenda kuishi upwekeni miaka mitano. Wazazi kwa Brooke hawakuguswa na hukumu yoyote. Shakespeare aliisoma orodha hiyo na hakuinakili. Pengo hilo ndilo ninalolitumia darasani. Nawagawia karatasi, nawaambia: ninyi ndio Mtawala, andikeni hukumu.

Hukumu zao zilinifundisha tamthilia ambayo nilidhani naijua. Mmoja alimshtaki Mtawala mwenyewe kwanza, kwa kuwa anakiri kwa kinywa chake kwamba aliufumbia macho uhasama mpaka akapoteza ndugu zake wawili. Mwingine alimsamehe muuza dawa kwa sababu ya ufukara wake, na mwenzake akambishia kwamba sheria ya Mantua ilikuwa wazi. Mabishano makali yalikuwa juu ya yaya. Wengi walitaka afukuzwe, wakisema usaliti wake unauma kuliko wa baba. Ndipo msichana mmoja, ambaye mama yake alifanya kazi za ndani mjini, akauliza yaya angelala wapi usiku ule kama angemwambia Capulet ukweli. Mimi bado namtia hatiani yaya, chini ya baba na juu ya mama, lakini tangu siku hiyo nalieleza shtaka lake kwa tahadhari zaidi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotunga mitihani ni dogo. Liondoeni swali la mafunzo matano yanayopatikana katika tamthilia. Waulizeni watahiniwa waandike hukumu ya Mtawala wa Verona, wamtaje kila mtu mzima kwa jina lake, na kila shtaka walitolee ushahidi kutoka katika kile alichosema au alichofanya mwenyewe kati ya Jumapili na Alhamisi.